Kuongeza gesi ya kiyoyozi si matengenezo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie desturi ya baadhi ya mafundi wa viyoyozi kuongeza gesi kila mwaka bila kutafuta inakovujia. Gesi hiyo huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, wala haiishi kwa kutumika kama mafuta ya gari. Ikipungua, pana tundu, na fundi anayejaza bila kuliziba anamtoza mteja kwa kazi ambayo hakuifanya. Mara nyingi doa la mafuta kwenye maungio ya bomba huonyesha mahali penyewe, na povu la sabuni huthibitisha.

Kiyoyozi kisichopoza si lazima kiwe kimekufa. Kichujio kilichoziba kwa vumbi au kapasita (kifaa kidogo cha umeme kinachosaidia mota kuwaka) iliyovimba ni matengenezo madogo, na inaudhi kuona familia ikishawishiwa kununua kipya kwa sababu hizo. Lakini kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi, ikiungua katika mashine iliyotumika zaidi ya miaka 10, hasa inayotumia gesi ya R-22, ambayo uzalishaji wake unasitishwa hatua kwa hatua chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, mkataba wa kimataifa wa kulinda tabaka la ozoni, sioni sababu ya kuigharamia tena. Nawasihi mafundi wampe mteja maelezo ya kasoro kwa maandishi kabla ya kuanza kutengeneza.

Msomaji wako