Barua ya Wazi kwa Mdogo Wangu Anayehamia Houston

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu kwa wote hapo Tanga. Uliniuliza kama upepo wa bahari unafika kwangu, na kwa kuwa si wewe wa kwanza kuuliza, nakujibu hadharani: haufiki. Houston ni miongoni mwa bandari kubwa kabisa za Marekani, lakini kutoka mjini hadi Ghuba ya Meksiko kwa njia ya maji ni takriban kilomita 80, na meli huingia kwa mfereji wa kuchimbwa.

Ndugu wawili, Augustus na John Allen, waliuanzisha mji huu mwaka 1836 kando ya Buffalo Bayou, kijito chenye maji ya rangi ya tope, wakaupa jina la jemadari Sam Houston, aliyekuwa ametoka kulishinda jeshi la Meksiko. Wakati huo meli kubwa zilitia nanga Galveston, kisiwani. Mwezi Septemba 1900 kimbunga kikakipiga kisiwa hicho na kuua watu wasiopungua 6,000. Miezi michache baadaye mafuta yakafumuka Spindletop, mashariki ya Houston. Kijito kikachimbwa na kuongezwa kina, na mwaka 1914 mfereji wa meli ukafunguliwa rasmi.

Ukija nitakupandisha pantoni ya Lynchburg, ambayo haina nauli. Mara ya kwanza nilipoipanda, meli ya mafuta ilipita mbele yetu ikiwa ndefu kuliko mtaa wetu, na badala ya harufu ya chumvi na dagaa niliyoitazamia, nilirudi nyumbani na shati linalonuka mitambo ya kusafishia mafuta.

Sensa ya 2020 ilihesabu zaidi ya watu milioni 2.3, na kuufanya mji wa nne kwa ukubwa nchini. Utasikia Kihispania kila mahali, na Kiswahili pia, hasa cha ndugu zetu Wakongo waliokuja kama wakimbizi. Kwa muuguzi kama wewe, Texas Medical Center ni mtaa mzima wa hospitali. Bila gari utataabika, hilo nisikufiche.

Zaidi ya yote, ogopa maji. Ardhi ni tambarare, na mwezi Agosti 2017 mvua za kimbunga Harvey zilizidi mita moja katika baadhi ya maeneo. Kwa hiyo usitume pesa ya pango kabla ya kuuliza maji ya mwaka ule yalifika wapi katika nyumba hiyo. Mwenye nyumba akibabaika, nitumie anwani nikaitazame mwenyewe.

Kaka yako.