Joto la usiku ndilo linalotumaliza

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani, naishi chumba cha juu kabisa, chini ya bati. Mchana navumilia, viganja vikilowa jasho, nafuta, nashona. Kasheshe ni usiku. Saa sita hiyo ukuta ukiugusa una moto kama pasi iliyozimwa punde, maana saruji na lami hunyonya jua kutwa, giza likiingia huanza kulitema. Feni? Hewa ya chumbani ikishapita nyuzi 35, takriban joto la ngozi, inanipulizia moto tu. Mwanangu hulala sakafuni, shuka bichi kifuani. Na utabiri tunaosomewa ni wa joto la mchana! Gazeti lako lichapishe na la usiku, tena la mitaa iliyokatwa miti.

Fundi asiyelala