Usikilizaji wa Jumamosi: albamu tano za Isis

Ndugu wanakikundi,

Jumamosi hii tutasikiliza kazi za Isis, bendi ya posti-metali (muziki mzito wa metali wenye nyimbo ndefu zinazojengeka taratibu) iliyoanzishwa Boston, Marekani, mwaka 1997 na kuvunjika mwaka 2010 ikiwa imetoa albamu tano. Tutaanza na Celestial ya mwaka 2000, ambayo bado ina ukali wa rekodi fupi za awali kama Mosquito Control, lakini hatutakaa nayo sana, kwa kuwa muda mwingi nimeutengea Oceanic ya mwaka 2002, ambayo kwangu ndiyo kilele chao.

Naomba kila mmoja ausikilize mapema wimbo wa "Weight", ikiwezekana kwa spika nzuri: magitaa yanaingia taratibu, yanarudia kipande kilekile kwa subira, kisha sauti ya Maria Christopher, mwimbaji mwalikwa, inaelea juu yake huku ngoma zikiongezeka uzito kidogo kidogo kwa zaidi ya dakika 10. Mimi huwa naacha kila ninachofanya ukifika hapo.

Panopticon ya mwaka 2004 ilichukua jina la gereza alilolibuni mwanafalsafa Mwingereza Jeremy Bentham, ambamo mlinzi mmoja anaweza kuwaona wafungwa wote bila wao kujua ni wakati gani wanatazamwa, nasi tutaisikiliza tukiwa na wazo hilo akilini. In the Absence of Truth (2006) na Wavering Radiant (2009), ambamo mwimbaji wao Aaron Turner anaimba zaidi kuliko awali badala ya kunguruma tu, tutazigusa mwishoni.

Tafadhali msiruke nyimbo. Albamu hizi zimepangwa zisikilizwe kwa mfululizo.