Kwa Mwalimu, kutoka Utah

Dada Mwalimu,

Salamu nyingi kutoka Salt Lake City. Sisi wazima, ni baridi tu inayotusumbua. Umeniuliza kama ni kweli binti zetu huku wanapimwa jinsia kabla ya kuruhusiwa kukimbia. La, hawapimwi. Lakini kuna mambo.

Huku Marekani kila jimbo lina bunge lake na hujitungia sheria. Idaho, majirani zetu, ndio waliotangulia mwaka 2020, kwa mswada wa Barbara Ehardt, mbunge aliyewahi kuwa kocha wa mpira wa vikapu. Sasa majimbo zaidi ya 25 yana sheria ya namna hiyo: aliyezaliwa mvulana hachezi timu ya wasichana, hata kama anaishi kama msichana. Kesi za kupinga sheria hizo za Idaho na West Virginia zilifika hadi Mahakama ya Juu.

Sheria yetu ya Utah ilipita 2022. Gavana Spencer Cox, na huyo ni wa Republican, chama ambacho ndicho kinachosukuma sheria hizi, alikataa kuitia saini, akawaandikia wabunge barua ya kuwahesabia: wanafunzi 75,000 wa shule za upili wanacheza michezo jimboni, waliobadili jinsia ni 4, na kati yao anayecheza na wasichana ni 1. Mmoja, Mwalimu! Wabunge wakaipitisha vivyo hivyo siku chache baadaye.

Suala la haki silipuuzi. Mimi na wewe tulikimbia mita 800, na unakumbuka wavulana waliokuwa wakivuta mkia kwao walivyokuwa wakitupita mazoezini bila hata kuhema. Mzazi anayetaka mbio za wasichana zibaki za wasichana simlaumu, mimi mwenyewe nataka hivyo. Kinachonikera ni macho ambayo sheria hii imewapa watu.

Kuna msichana mmoja hapa aliyeshinda mashindano ya jimbo kwa kuwaacha wenzake mbali. Wazazi wa aliyekuwa wa pili na wa aliyekuwa wa tatu wakapeleka malalamiko kwa chama kinachosimamia michezo ya shule: huyo ni msichana kweli? Chama kikaiuliza shule, shule ikafukua rekodi zake mwaka baada ya mwaka hadi chekechea. Kote ameandikwa msichana. Muda wote huo yeye na wazazi wake hawakuambiwa lolote. Msemaji wa chama aliwaeleza wabunge hayo Agosti 2022, akaongeza kuwa malalamiko mengine huletwa kwa sababu tu mchezaji haonekani wa kike vya kutosha. Kisha 2024 mjumbe wa bodi ya elimu ya jimbo akamweka Facebook msichana wa miaka 16 anayecheza vikapu, kwa namna ya kuwafanya watu washuku jinsia yake. Naye alizaliwa msichana. Bodi ilimkaripia mjumbe huyo, lakini picha ilikuwa imeshasambaa.

Sasa mfikirie binti yangu. Mrefu, mabega ya babake, nywele kazikata karibu na ngozi. Kwetu Kenya nywele hizo ni sheria ya shule, huku zinafanya watu wakutazame mara mbili. Alipojiandikisha timu ya mbio za nyika niliombwa cheti cha kuzaliwa, nikatoa kile cha Eldoret, yakaisha. Ila sasa akianza kushinda, furaha yangu ina wasiwasi ndani yake.

Na wanaopimwa hasa ni ninyi wa riadha huko nyumbani! Tangu Septemba 2025 mwanamke anayekwenda mashindano ya dunia ya riadha lazima apimwe jeni kuthibitisha jinsia, mara moja maishani. Watu huku wanachanganya mambo hayo na haya yetu. Francine Niyonsaba wa Burundi na Margaret Wambui wetu, waliopata medali za fedha na shaba Olimpiki ya Rio 2016, hawakubadili jinsia. Walizaliwa na kulelewa wasichana, kisha kanuni zinazowabana wanawake wenye homoni ya kiume nyingi kwa asili zikawafungia mita 800. Wambui bado ananiuma. Kipimo hicho sikipendi, ingawa angalau hakimhukumu mtu kwa sura yake.

Unawaelezaje wasichana wako kambini kabla hawajapimwa? Na wazazi, wanakuja kukuuliza au wananyamaza tu? Nitumie sauti ndefu, nitaisikiliza nikipika. Msalimie mzee, na umwambie vile viatu vya mazoezi nitampa ndugu yetu amletee akija Desemba.

Wako akupendaye,
Mama Jebet