Breki kwanza, safari baadaye

Kaka Hamisi,

Salaam aleikum. Habari za Utrecht? Shemeji na watoto hawajambo? Huku sote wazima.

Rashidi amenipa salamu zako, na habari kwamba lori lako la kijeshi la zamani, GMC CCKW, sasa linawaka vizuri, unataka kulipeleka Normandy kwa maadhimisho ya tarehe 6 Juni, siku Washirika walipotua huko mwaka 1944. Nimefurahi mno. Lakini kuna neno ulilipitia juujuu, kwamba pedali ya breki "inazama kidogo". Kaka, hilo ndilo limenikalisha kuandika.

CCKW ina njia moja tu ya mafuta ya breki. Silinda ya gurudumu moja ikipasua mpira, dramu zote sita zinakosa breki kwa mpigo. Kwa hiyo fungua dramu zote, usichague. (Nati za magurudumu ya upande wa kushoto hufunguka kwa kuzungushwa kulia, usije ukakata stadi.) Inua kingo za mpira kwenye kila silinda, ukikuta unyevu, silinda hiyo itoke. Laining za viatu vya breki zilizolowa mafuta usizioshe, weka mpya.

Mafuta yakipungua na chini hakuna hata tone, shuku Hydrovac, ile busta inayotumia vakyumu ya injini kuongeza nguvu ya breki. Sili zikichoka, injini huyanyonya mafuta kupitia bomba la vakyumu na kuyachoma, ndiyo maana ya moshi mweupe. Chomoa bomba hilo uchungulie ndani.

Mipira ya breki, yaani mabomba laini yanayopeleka mafuta kwenye magurudumu, nayo hudanganya: nje mizuri, ndani imevimba. Ukikanyaga mafuta yanapita, ukiachia hayarudi, dramu inachemka. Gurudumu likiganda, legeza kwanza kiungo cha bomba la chuma kabla ya mpira. Lisipoachia, legeza nati ya kutolea upepo. Hapo likiachia, mpira ndio umeziba.

Kutoa upepo: zima injini, kanyaga pedali mara kadhaa vakyumu iishe, anza na Hydrovac, kisha gurudumu la mbali kuliko yote, umalizie la karibu. Ukitumia mafuta ya breki ya DOT 4, yabadilishe kila baada ya miaka 2 kwa sababu hunyonya maji. Usiyachanganye na DOT 5 ya silikoni.

Breki ya mkono isikupe moyo. Inashika shafti, kazi yake ni kuegesha. Mteremkoni rudisha gia mapema. Ya 5 ni ya barabara tambarare. Kibao cha ndani kinaruhusu maili 45 kwa saa, yaani kilomita 72, lakini mimi ningebaki 60.

Petroli ya E10, iliyochanganywa na ethanoli, hula mipira ya zamani, weka mipira inayohimili ethanoli. Na rimu zile za ringi ya kutoka zisijazwe upepo nje ya kizimba cha chuma. Ringi ikiruka inaua.

Malori haya hayakwenda moja kwa moja makumbusho. Jeshi la Ufaransa liliendelea na GMC miongo mingi baada ya vita. Diamond T 980 zilizovuta trela za vifaru zilikuja kuvuta mizigo mizito Uingereza kwa kampuni za usafirishaji za Pickfords na Wynns. Zimetufikia kwa sababu kuna watu walikuwa wanalala chini yake na spana. Naomba na yako ifike mbali, ndiyo maana narudia: pedali isipokaa juu na ngumu, usitoke nje ya geti.

Sasa nijibu. Pedali ikizama, ukiipiga mara mbili inapanda? Moshi je, umeuona? Umeme bado ni volti 6, au aliyekuuzia alibadilisha? Kama ni 6, nyaya za stata ni zile nene? Na ile Diamond T 969 ya mzee wa Breda, lori la kuvuta magari yaliyoharibika, winchi zake bado zinafanya kazi? Anaweza kuja nyuma yako mpaka Caen, huko Normandy? Nikuletee sili za silinda lini?

Ndugu yako,
Juma