Shukrani kwa muuguzi wa zamu ya usiku
Baba alipata kiharusi, nami nikawa namlisha uji akiwa amelala. Kila kijiko kilimletea kikohozi na sauti ya majimaji kooni. Nilidhani ni mafua.

Dada, jina lako sikuuliza. Ulikipokea kikombe kwa upole, ukamkalisha wima, ukahesabu pumzi zake, ukampima oksijeni, ukamwita daktari usiku uleule. Picha ya kifua ilionyesha nimonia pafu la kulia. Chakula kilikuwa kikipita njia ya hewa. Akawekewa oksijeni na antibiotiki za mshipa.

Kisha, zamu yako imekwisha, ulibaki kunifundisha: uji mzito, kijiko kidogo, kinywa kisafishwe, asilale nusu saa baada ya kula.

Wenzangu mnaouguza, mgonjwa akipaliwa, semeni mapema.

Baba anakula mezani sasa. Asante sana, dada.