Vierranvarri utaipanda mara mbili

Mwanangu mpendwa,

Tangu uliponiambia kwenye simu kwamba Julai mnakwenda kuipanda Kebnekaise, mlima mrefu kuliko yote Uswidi, ninyi watatu na hema lenu, furaha imenijaa na usingizi umepungua. Bora nikuandikie.

Unajua kabla hatujahamia Uswidi nilibeba mizigo Kilimanjaro miaka sita. Sisi wagumu, yaani wapagazi, adui tuliyemjua ni kimo: ukipita kambi ya Horombo kichwa kinagonga, ukifika kambi ya Kibo chakula hakipiti kooni. Kwa hiyo nilipoambiwa Kebnekaise ni mita 2,100 hivi, niliudharau mlima wa watu. Hata Horombo haifikii, nikasema. Kumbe kule pumzi haikosekani. Kinachomaliza mtu ni mvua iliyochanganyika na upepo. Nilivaa jinzi na sweta la pamba. Usirudie kosa hilo. Vaa sufu mwilini na koti lisilopitisha maji juu yake.

Kutoka kijiji cha Nikkaluokta hadi kituo cha mlimani ni kilomita 19. Boti ya ziwani inapunguza kama sita. Ipandeni bila aibu, miguu mtaihitaji kesho yake. Sheria inawaruhusu kupiga hema karibu popote. Ila mkiwakuta wale kulungu wa nchi za baridi, simameni wapite. Ni mifugo ya Wasami, wenyeji wa asili wa kule kaskazini, ina wenyewe. Usiku hakuingii giza, basi jifungeni kitambaa machoni mlale.

Sasa nisikilize kuhusu Vierranvarri. Kwa njia ya magharibi unaupanda mlima huo kwanza, mita 1,700 na ushee, halafu unashuka bondeni, ndipo Kebnekaise yenyewe inaanza. Ukirudi, Vierranvarri inakungoja tena. Mimi nguvu zote nilizimalizia kileleni. Niliporudi bondeni ukungu ukashuka, nikakaa juu ya jiwe, vidole vimekufa ganzi, zipu ya koti hainifungiki. Akapita mama mmoja wa makamo. Hakuniuliza kitu. Alinifunga zipu hadi kidevuni kama unavyomfunga mtoto wa chekechea, akanimiminia chai yenye sukari nyingi, kisha akatangulia. Nikafuata visigino vya viatu vyake, kutoka rundo moja la mawe ya alama hadi jingine, mpaka tukavuka. Jina lake sikuwahi kulijua, na hadi leo namwombea.

Kwa hiyo chai yako usiimalize kileleni. Nusu ibaki ya Vierranvarri.

Mwaka niliopanda mimi, kilele cha kusini, kile cha barafu, ndicho kilikuwa juu kuliko vyote Uswidi. Mwaka 2019 kile cha kaskazini, ambacho ni mwamba, kikapimwa na kuonekana kimekipita, maana barafu inayeyuka. Nilipoisikia habari hiyo nilikumbuka theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, na moyo uliniuma kama nimefiwa. Ninyi ishieni hapo kusini. Ukingo wa kwenda kaskazini ni mwembamba, una barafu, na unataka kamba na watu waliofundishwa. Nipigie picha ya hiyo barafu, nione imebaki kiasi gani.

Nimekutumia kifurushi kwa posta. Ndani mna soksi za sufu jozi tatu. Ile nyekundu ni ya kulalia tu, usiitembelee.

Baba yako